Kufua Si Kusubu: Malungu ya Ufipa na Kalibu ya Mchanga

Katika nchi ya Ufipa, toka vijiji vinavyouzunguka mji wa Sumbawanga hadi upande wa Nkasi, yangaliko mabaki ya tanuri ndefu za udongo ambazo wenyeji huziita malungu; moja huitwa ilungu. Mengi yamebaki duara tu ya udongo uliobabuka kwa moto, iliyozingirwa na mavi ya chuma. Machache yamesimama, nayo yapita kimo cha mtu. Mwalimu wa historia awapelekapo wanafunzi wake mahali hapo huwaambia kwamba ndipo Wafipa walipoyeyusha chuma. Kesho yake mwalimu wa kemia huandika ubaoni kwamba chuma safi huyeyuka kwenye joto la nyuzi 1538 za Selsiasi. Ni nadra mwanafunzi kunyosha mkono na kuuliza ilikuwaje tanuri ya udongo, isiyo hata na mivukuto, ikafikia joto hilo. Swali hilo lastahili kuulizwa, maana jibu lake ni kwamba joto hilo halikufikiwa. Katika ilungu chuma hakikuyeyuka.

Kusema hivyo hakuipunguzii heshima kazi ya wahunzi wa Ufipa. Ni kuieleza jinsi ilivyokuwa, na pasipo kuieleza hivyo ni vigumu kuisogelea fani nyingine ambayo Ufipa ya leo yaihitaji sana: fani ya kusubu, yaani kumimina metali iliyoyeyuka ndani ya kalibu ya mchanga ili kupata kipuri cha mashine, gurudumu la plau, au puli ya kinu cha kusagia.

Kiswahili chenyewe kimekwisha kuzitenga kazi hizi. Kuchenjua ni kuitoa metali katika mawe yake. Kufua ni kuipiga kwa nyundo juu ya fuawe, ikiwa imepata moto na kulainika lakini ingali yabisi. Kusubu ni kuimimina ikiwa imekuwa majimaji. Kuyeyusha kwahusu kazi hii ya tatu pekee. Hata hivyo vitabu vya shule na mazungumzo ya darasani hulitumia neno hilo kwa zote, na humo ndimo mkanganyo uingiamo. Wapo wanaoamini kwamba wazee walikwisha kujua yote, hivyo yatosha kuyafufua malungu ili vipuri vipatikane. Wapo pia wanaodhani kwamba kwa kuwa wazee hawakufika kwenye chuma cha kumimina, basi walikwama njiani, na kazi yao ni ya makumbusho tu. Makundi yote mawili yamekosea, na kwa sababu moja: hayakuuliza chuma kile kilikuwa cha kazi gani.

Habari za malungu zimeandikwa tangu zamani. Padri Wyckaert wa shirika la White Fathers alizichapisha mwaka 1914. Greig aliandika habari hizo katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1937, na Wise katika jarida hilohilo mwaka 1958. Baada yao Randi Barndon wa Norway aliichunguza fani hiyo, na mwanaakiolojia wa Kitanzania, Bertram Mapunda, akatoa mwaka 1995 tasnifu yake juu ya uhunzi wa kusini-magharibi mwa Tanzania. Shule isiyo na maktaba kubwa yaweza kuyapata mengi kwa kuyapima mabaki yenyewe, ilimradi isiyabomoe wala kuchukua chochote mahali hapo.

Ilungu lilijengwa kwa udongo, mara nyingi karibu na kichuguu, kwa kuwa udongo wa kichuguu ni laini, hushikamana, tena huvumilia moto. Kimo chake chaweza kufika mita tatu. Chini, kuizunguka tanuri, paliachwa matundu ambamo ilipachikwa mirija ya udongo. Ndani vikapangwa mkaa na mtapo, yaani mawe yenye chuma. Hapakuwa na mtu wa kuvukuta. Moto ulijivutia hewa wenyewe, kama ufanyavyo katika bomba refu la moshi.

Mwanafunzi wa fizikia aweza kukadiria nguvu ya mvuto huo. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mita moja ya ujazo ya hewa yake ina uzito wa kilo moja hivi. Hewa iliyo ndani ya tanuri, kwenye nyuzi 900 au 1,000, haizidi robo ya uzito huo. Tofauti ya kilo 0.75 ikizidishwa kwa kimo cha mita 3, kisha kwa 9.8 ya mvutano wa dunia, hutoa kanieneo ya paskali 22 tu. Hiyo ni nguvu ya kuinua maji ndani ya mrija kwa zaidi kidogo ya milimita mbili. Isitoshe, hewa ya mwinuko ule ni haba, kwani kila lita yake ina oksijeni iliyopungua kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na lita ya hewa ya Dar es Salaam. Kwa mvuto dhaifu namna hiyo kazi haikuweza kuwa ya saa mbili tatu. Ilichukua mchana na usiku na zaidi, na mafundi walikesha. Tanuri ndefu na matundu mengi ndivyo vilivyofidia upungufu wa nguvu. Wajenzi wake hawakuwa na neno paskali, lakini walijua ni kwa nini tanuri fupi haikufaa.

Kemia yake yafahamika vyema. Mkaa ukiungua katika hewa haba hutoa kaboni monoksidi, na gesi hiyo huinyang'anya mitapo oksijeni yake. Tendo hilo huanza chini kabisa ya joto la kuyeyukia chuma. Kinachoyeyuka ni uchafu wa mawe, ambao karibu na nyuzi 1,200 huwa majimaji, hutiririka, na kupoa ukawa yale mavi ya chuma ambayo jembe la mkulima huyafukua hadi leo. Chuma chenyewe hubaki bonge lenye vitundu kama sifongo, limechanganyika na uchafu uliosalia. Bonge hilo lilihamishiwa kwenye tanuri ya pili, fupi, iitwayo kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Likasafishwa kwa moto mkali zaidi, kisha likafikishwa kwenye fuawe. Nyundo ilifanya mambo mawili kwa wakati mmoja: ilikamua uchafu na kukipa chuma umbo. Ndipo yakapatikana majembe, mashoka na mikuki.

Kazi hiyo iliendeshwa kwa dawa na miiko pia. Mafundi walijitenga na wake zao, na tanuri ilipambwa na kutunzwa kama bibi harusi. Kuna walimu wanaolipita jambo hili haraka, kana kwamba linaitia sayansi aibu. Yafaa walisimamie kidogo. Mahali pasipo kitabu wala kipimajoto, utaratibu wa ibada ndio uliokuwa ukikumbusha nani afanye nini, lini, na kwa kufuata lipi; hivyo maarifa ya kazi na ibada ya kazi yalihifadhiwa katika chombo kimoja. Chombo hicho kilipovunjwa, maarifa nayo yalimwagika.

Sasa lije swali la kuyeyuka. Chuma kikikaa katika mkaa wenye moto mkali kupita kiasi hunywa kaboni. Kikiinywa kufikia asilimia nne hivi, joto lake la kuyeyukia huporomoka toka nyuzi 1538 hadi karibu 1,150, nacho huanza kutiririka. Hicho ndicho chuma cha kusubu. Kikishapoa huwa kigumu, hustahimili kubanwa na kusuguliwa, lakini ni chepesi kuvunjika mithili ya chungu, na kikipigwa nyundo hata kikiwa chekundu hupasuka. Kwa mhunzi atakaye jembe, chuma cha namna hiyo ni hasara tupu: hakifuliki. Jembe lililosubiwa kwa chuma hicho lingevunjika kwenye jiwe la kwanza la shamba. Mafundi wa Ufipa walitaka chuma kinachopinda bila kukatika, na ili wakipate iliwapasa wakizuie kisiyeyuke. Huko si kukwama njiani, kwa maana hawakuwa wakielekea huko.

Mataifa yaliyofika kwenye kusubu yalifika kwa haja nyingine. Wachina walisubu chuma yapata karne ya tano kabla ya Kristo. Ulaya ilichelewa hadi mwishoni mwa zama za kati. Huko Uingereza, Abraham Darby alipewa hataza mwaka 1707 ya kusubu vyungu vya chuma katika mchanga, na miaka miwili baadaye, huko Coalbrookdale, akaanza kuchenjua chuma kwa makaa ya mawe yaliyokwisha kuchomwa, badala ya mkaa wa miti. Chungu ni mfano mzuri wa kitu cha kusubiwa: kina tumbo, mdomo na miguu, hakipigwi wala hakipindwi, na kukifua kipande kwa kipande ni kazi ya kuchosha. Hata hivyo wahunzi wa Uingereza waliendelea kufua viatu vya farasi na minyororo palepale jirani na wasubuji. Fani moja haikuifuta nyenzake.

Huko Ufipa, majembe yaliyoletwa toka ng'ambo yaliuzwa kwa bei ambayo malungu hayakuweza kushindana nayo, na kabla ya katikati ya karne ya 20 moto wake ulikuwa umekwisha kuzimika. Fani ya kuchenjua ilitoweka kabla fani ya kusubu haijaingia, na pengo hilo ndilo lililopo.

Pengo laonekana wazi mashine iharibikapo. Ufipa ni nchi ya mahindi na ya plau za kukokotwa na ng'ombe. Puli ya mashine ya kusaga ikipasuka, au nyumba ya beringi ikimeguka, kitu kinachopungua ni kipande cha metali chenye uzito wa kilo mbili tatu na umbo la kawaida kabisa; lakini kwa ajili yake safari hufungwa hadi Mbeya au kifaa huagizwa toka Dar es Salaam, na kwa siku zote hizo kina mama hutwika mahindi yao hadi kijiji cha pili. Fundi wa kuchomea hujaribu kuunga vipande. Chuma cha kusubu hakipendi kuungwa, na mara nyingi ufa hurudi karibu na mahali palepale. Ni haki kuuliza kwa nini kipande hicho kisitengenezwe Sumbawanga.

Chukuliwe mfano wa puli yenye kipenyo cha milimita 200, itakayosubiwa kwa alumini. Kazi huanza kwa seremala. Yeye huchonga kiolezo cha mti mkavu chenye umbo la puli, lakini hakichongi sawasawa na puli itakiwayo. Alumini ikipoa husinyaa kwa milimita 13 hivi katika kila mita, hivyo kipenyo cha kiolezo huongezwa milimita 2.6. Huongezwa tena milimita mbili au tatu kila upande utakaonyolewa baadaye. Kingo zake hulazwa kidogo, nyuzi moja au mbili, ili kiolezo kichomoke mchangani bila kubomoa kuta. Mfereji wa mkanda hauchongwi katika kiolezo. Hukerezwa kwenye mashine baada ya puli kupoa. Hesabu zote hizi ni za kidato cha kwanza na cha pili. Mwanafunzi aliyezikosea ubaoni hupata alama ya kosa na kusahau. Aliyezikosea katika kiolezo hupata puli isiyoingia kwenye ekseli, na hasahau.

Halafu waja mchanga. Hautakiwi mchanga wowote. Punje zake ziwe ndogo zinazokaribiana kwa ukubwa, zishikamanishwe na udongo wa mfinyanzi, yapata sehemu nane hadi kumi katika mia, na maji sehemu tatu hadi tano. Mchanga wa mto uliooshwa na mafuriko hauna udongo wa kutosha. Udongo wa kichuguu peke yake unao kupita kiasi. Kwa hiyo huchanganywa, huchekechwa na kujaribiwa. Jaribio la zamani lingali bora: konzi moja hubanwa kiganjani, kisha kiganja hufunguliwa. Mchanga uliokwisha kuwa tayari hubaki na alama za vidole, na ukivunjwa katikati huvunjika kwa ufa mmoja safi. Ukimeguka, hauna udongo au maji ya kutosha; ukinata mkononi, una maji mno. Wafinyanzi wa Ufipa, ambao wengi wao ni wanawake, huutambua udongo kwa kuugusa tu, na shule ambayo haitawaita kuja kufundisha somo hili itakuwa imewaacha nje walimu walio karibu nayo kuliko wote.

Mchanga hupangwa katika makasha mawili yasiyo na chini wala kifuniko, moja juu ya jingine. Kiolezo hulazwa, huzungushiwa mchanga na kushindiliwa. Kati ya makasha hunyunyizwa vumbi kavu ili yasigandamane. Katika kasha la juu hutobolewa njia ya kumiminia, na pembeni yake shimo jingine, ambalo laweza kuitwa kisima cha akiba. Makasha hutenganishwa, kiolezo hutolewa, na ombwe linalobaki ndilo puli ijayo. Tundu la katikati hupatikana kwa kuweka kiini cha mchanga uliookwa. Sehemu nene ya puli hupoa mwisho, na ikisinyaa huhitaji metali ya kuongezea; isipoipata toka kwenye kisima cha akiba hubaki na shimo ndani lisiloonekana, na puli hupasuka siku ya kazi.

Wengi hudhani hatari kubwa ni kuungua tu. Zipo mbili nyingine ambazo fizikia ya shule yatosha kuzieleza. Ya kwanza ni kuinuka kwa kasha. Metali iliyoyeyuka husukuma juu kama kimiminika kingine chochote. Ikiwa uso wake chini ya kasha la juu ni sentimita 600 za mraba, na safu ya metali katika njia ya kumiminia ina kimo cha sentimita 10, alumini huliinua kasha kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 14 hivi, na chuma kwa kilo 42. Kasha lisilobanwa au kukandamizwa huinuka, na metali humwagika kwenye miguu ya aliyemimina. Hatari ya pili ni maji. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke huwa zaidi ya lita 1,600. Mchanga uliolowa, koleo lenye umande, kipande chakavu kilichonyeshewa kikitumbukizwa ndani ya metali, vyote hulipuka. Kwa sababu hiyo hiyo metali haimiminwi juu ya sakafu ya saruji, ambayo huficha unyevu, ila juu ya mchanga mkavu. Mwalimu asiyekuwa tayari kusimamia mambo haya, pamoja na viatu vya ngozi, miwani na aproni, asiwashe moto kabisa.

Je, shule au karakana ya Sumbawanga isubu chuma? Kwa sasa hapana, na hapa yafaa kutofautiana na wale wanaotaka malungu yawashwe tena. Ilungu lilitoa chuma cha kufua. Hata likiwashwa leo kwa ufundi uleule halitatoa chuma cha kumimina. Aidha lilikula mkaa mwingi, na uwanda wa Ufipa, wenye nyasi zaidi ya miti, hauwezi kulipa gharama hiyo. Kuna wanaosema kinyume chake, kwamba ingojwe mitapo ya Liganga huko Ludewa ichimbwe, ndipo mafundi wapate chuma. Mradi huo umezungumzwa kwa miongo mingi. Nao hata ukikamilika hautamfundisha mtu wa Sumbawanga kushindilia mchanga. Fani hujifunzwa kwa metali iliyopo.

Metali iliyopo ni alumini chakavu. Huyeyuka kwenye nyuzi 660 tu. Kuipasha kilo moja toka joto la kawaida hadi iwe tayari kumiminwa huhitaji nishati ya megajuli 1.1 hivi, ilhali kilo moja ya mkaa ina karibu megajuli 30. Jiko dogo hupoteza sehemu kubwa mno ya joto hilo, na hapo pana jaribio zuri: wanafunzi wapime mkaa kabla ya kazi na baada yake, wakokotoe ni kiasi gani kimefanya kazi na kiasi gani kimekwenda angani, kisha walizungushie jiko ukuta mnene zaidi wa udongo na kupima tena. Alumini nayo ina aina. Pistoni chakavu za magari hufaa kuliko makopo ya vinywaji, kwa kuwa zina silikoni inayoifanya metali itiririke vizuri na kujaza kona. Makopo ni membamba. Sehemu yake kubwa huishia kuwa maganda ya oksidi. Chombo cha kuyeyushia kikiwa cha chuma sharti kipakwe udongo ndani, vinginevyo alumini hukila taratibu. Vipande visivyojulikana asili yake viachwe, hasa vile vyepesi kupita kiasi, kwani huenda ni magnesi, nayo ikishika moto haizimwi kwa maji.

Kuna jambo moja ambalo karakana nyingi za Afrika Mashariki hazitapenda kulisikia. Kitu cha kwanza ambacho msubuji mgeni hufikiria kutengeneza kwa alumini chakavu ni sufuria, kwa kuwa zina soko kila siku. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 juu ya vyombo vya kupikia vya alumini toka nchi 10, Tanzania na Kenya zikiwamo, ulikuta baadhi yake vikitoa madini ya risasi ndani ya chakula, na risasi huharibu ubongo wa mtoto. Chakavu hubeba kila kitu kilichokuwamo: rangi, vipande vya betri, vipuri vya injini. Hakuna jicho liwezalo kuitambua risasi ndani ya alumini iliyoyeyuka. Basi karakana ya shule isisubu sufuria, mwiko wala kikombe, hata kama wazazi wataomba. Isubu puli, vishikio, na magurudumu ya mikokoteni.

Nafasi ya kuyafanya haya ipo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka elimu na kazi visitenganishwe, na shule za sekondari zikawekewa michepuo, wa ufundi ukiwa mmojawapo. Michepuo hiyo ilidhoofika kwa sababu nyingi; karakana zilikosa vifaa, na mitihani iliendelea kupima kumbukumbu. Toleo la mwaka 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo limerudisha jambo lilelile kwa jina la mkondo wa amali. Hatari iliyopo ni kwamba amali itahesabiwa kuwa njia ya wale walioshindwa fizikia, na fizikia itabaki ya wale wasiotaka kuchafua mikono. Kalibu ya mchanga haitambui mgawanyo huo. Anayeisubu puli bila kuijua hesabu ya kusinyaa atabahatisha daima, na anayeijua hesabu hiyo bila kuwahi kushika mchanga hajui ni kwa nini iliandikwa.

Shirika la SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi mkoani Rukwa, na mji una mafundi wenye mashine za kukereza. Inatosha shule mbili au tatu za jirani kuungana, zikachanga makasha, chekeche, chombo cha kuyeyushia na mavazi ya kinga, na zikakubaliana na fundi mmoja. Wasichana wawemo tangu siku ya kwanza, kwenye kushindilia na kwenye kumimina pia. Mwiko wa zamani wa tanuri hauna kazi katika karakana. Walimu wa fizikia, kemia na hisabati wapangiane vipindi ili somo la kusinyaa, la mvuke na la kanieneo yafundishwe wiki ileile ambayo kazi itafanyika, na mwalimu wa historia aje na wanafunzi wake wakiwa wametoka kulipima ilungu. Huyu wa mwisho atakuwa na la kueleza: kwamba udongo ule wa kichuguu ulio kwenye ukuta wa ilungu ndio huohuo wanaouchekecha sasa, ila safari hii metali yenyewe itayeyuka.

Puli ya kwanza isipelekwe kwenye mashine ya mtu. Ikatwe kwa msumeno katikati, uso wake usuguliwe kwa msasa hadi ung'ae, na darasa zima lihesabu vitundu. Vile vidogo vya mviringo vilivyotapakaa ni vya hidrojeni, iliyoingia kwa unyevu na kwa joto lililopita kiasi. Pango lenye kuta za kukwaruza, kwenye sehemu nene, ni la kusinyaa: kisima cha akiba kilikuwa kidogo au kiliwekwa mbali. Punje za mchanga zilizonaswa ni za kalibu iliyoshindiliwa kwa haraka. Kila kasoro iandikwe pamoja na sababu yake na jina la kikundi kilichofanya kazi hiyo, vipande virudishwe chunguni, na kiolezo kiandaliwe upya.